Kifua Kikuu, Vitamini na Sahani ya Nyumbani

Hapa kambini mtu akianzishiwa dawa za kifua kikuu, mara nyingi swali lake la kwanza halihusu dawa zenyewe. Anauliza: "Na vitamini je, mtanipa?" Mimi ni mhamasishaji wa afya, natembea nyumba kwa nyumba, na swali hilo nimelisikia kwa Kiswahili cha Uvira, cha Fizi, cha Bujumbura na cha wenyeji wetu wa Kigoma. Kuna wanaoamini kwamba vitamini ndiyo inayoponya, na vile vidonge vinavyogeuza mkojo kuwa mwekundu kazi yake ni kuchosha mwili tu. Wengine wanasema vitamini ni danganya toto: umeomba chakula, umepewa kidonge cha njano, nenda zako.

Nilichoka kujibu kwa kukisia. Nikaanza kusoma kila nilichokipata, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima. Nikakuta kwamba swali letu lina umri wa zaidi ya miaka 170. Nikakuta pia kwamba waliosaidia kulijibu hawakuwa matajiri wa Ulaya peke yao. Wengi walikuwa wagonjwa maskini wa Madras, Mwanza, Dar es Salaam, Zomba na vijiji vya Jharkhand. Kwa hiyo hii ni historia yetu pia, na ina jambo la kutuambia sisi tunaopokea mgao na nyinyi mnaougawa.

Mafuta ya samaki

Tuanzie London, mwaka 1848. Wakati huo hakuna aliyejua kifua kikuu kinaletwa na nini. Kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kule Brompton, na madaktari wake waliamua kujaribu mafuta ya ini la samaki, yale mafuta yenye harufu ambayo wavuvi wa bahari za baridi waliyatumia tangu zamani. Wagonjwa 542 walipewa matunzo ya kawaida pamoja na mafuta hayo. Wengine 535 walipewa matunzo ya kawaida tu. Katika kundi lisilopata mafuta, wagonjwa 33 katika kila 100 walizidiwa au walikufa. Katika kundi lililopata mafuta walikuwa 19. Waliopata nafuu ya kweli, hata hivyo, hawakutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Ukiangalia vizuri, hapo pana habari mbili. Mafuta yalipunguza kasi ya ugonjwa kwa baadhi ya watu, lakini hayakuuondoa. Lile tunaloliona leo lilikuwa tayari limeonekana, ila hakukuwa na mtu wa kulieleza.

Maelezo yalikuja polepole. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemwona mdudu mwenyewe, bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1912 Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, alibuni neno ambalo kwetu limekuwa vitamini. Mwaka uliofuata vitamini A ikajulikana, na mwaka 1922 Elmer McCollum kule Marekani akaonyesha kwamba ndani ya mafuta ya ini la samaki kuna kitu kingine tena, akakiita vitamini D. Mwili unaitengeneza vitamini hiyo ukipigwa na jua. Wakati huo Niels Finsen wa Denmark alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, mwaka 1903, kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Ndiyo maana kwa miaka mingi tiba ilikuwa hewa safi, jua, kulala kitandani na kula vizuri. Wenye uwezo walikwenda milimani Uswisi na Ujerumani, wakanywa maziwa na kula mayai na nyama. Huku Tanganyika, hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa ajili ya wagonjwa hao. Baadhi walipona. Wengi hawakupona. Mwili ulioshiba unapigana vizuri zaidi, lakini ukiachwa peke yake mara nyingi unashindwa.

Dawa zinafika

Mwaka 1943 kijana Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, alipata streptomisini kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Miaka mitano baadaye Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio lao maarufu. Wagonjwa 55 walidungwa streptomisini, 52 walilazwa kitandani tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Halafu bakteria wakaizoea dawa, na wengi waliokuwa wamepata nafuu wakaanguka tena. Somo la hapo kila mgonjwa wetu analijua: dawa moja haitoshi, lazima ziende kadhaa pamoja. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, dawa ya bei rahisi inayomezwa, na mpaka leo imo ndani ya vidonge tunavyogawa.

Sasa njoo Madras, kusini mwa India, mji ambao leo unaitwa Chennai. Mwaka 1956 wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, kwa mbali sana. Watafiti wa India na Uingereza, pamoja na Shirika la Afya Duniani, wakauliza swali ambalo madaktari wengi wa zama zile waliliona la hatari: je, mtu anaweza kupona nyumbani kwake, katika chumba kilichojaa watu, kwa chakula kile kile cha kimaskini? Wakawagawa kwa kura wagonjwa karibu 200. Nusu walilazwa hospitali, wakapumzika na kulishwa vizuri. Nusu walibaki mtaani na familia zao. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja.

Matokeo yalitoka mwaka 1959. Waliolazwa walinenepa zaidi. Lakini kupona kwa mapafu, tofauti ilikuwa ndogo mno. Na jamaa walioishi na wagonjwa wa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko jamaa za waliolazwa.

Binafsi naona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kwanza, linamfundisha yule anayesema "nitaanza dawa nikipata chakula cha kutosha". Hapana ndugu yangu, anza leo. Watu wa Madras walikula vibaya na dawa zikawaponya. Pili, linawafundisha wanaomtengea mgonjwa sahani na kikombe chake, na kumlaza nje ya nyumba miezi 6 mizima. Kifua kikuu kinakwenda kwa hewa, mtu akikohoa. Hakiendi kwa sahani. Na mgonjwa anayemeza dawa sawasawa haendelei kuwa hatari kwa watu wake.

Lakini kuna kosa lililozaliwa hapo hapo. Baadhi ya watu walilisoma jaribio la Madras kana kwamba limesema chakula si kitu. Halikusema hivyo. Lilisema kwamba dawa zinaua bakteria hata kwa mtu asiyeshiba. Kuua bakteria ni jambo moja. Kurudisha nguvu za mtu na kuwalinda wanaoishi naye ni jambo jingine, na nitalirudia mbele.

Miguu inayowaka moto

Mara baada ya isoniazidi kuenea, wagonjwa walianza kulalamika. Nyayo zinawaka, vidole vina ganzi, usiku ni kama mtu anakuchoma sindano. Mwaka 1954 madaktari Biehl na Vilter wa Cincinnati, Marekani, wakaonyesha sababu. Isoniazidi inaufanya mwili upoteze vitamini B6, inatoka na mkojo. Mishipa ya fahamu bila B6 inaumia. Ukimpa mgonjwa B6 pamoja na dawa, shida hiyo inazuilika. Mwaka 1963 wale wale wa Madras wakachapisha kwamba hata miligramu 6 kwa siku zilitosha kuwakinga wagonjwa wao. Leo vituo vingi vinatoa miligramu 10 hadi 25.

Kwa hiyo kile kidonge kidogo, ambacho watu wa kliniki wanakiita pairidoksini, si zawadi na si danganya toto. Kinaziba tundu ambalo dawa yenyewe imelitoboa. Wanaokihitaji zaidi ni wajawazito, wanaonyonyesha, wenye virusi vya Ukimwi, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wanywaji wa pombe, wazee, na waliokonda kwa kukosa chakula. Soma tena orodha hiyo, kisha angalia mtaa wako. Hapa kwetu ni nani asiyekuwemo?

Mzee mmoja wa mtaa wa jirani, katika mwezi wa tatu wa matibabu, alianza kulala miguu ikiwa nje ya blanketi. Majirani walisema ametegewa kitu njiani. Kituo tunachokitegemea kilikuwa kimeishiwa B6 kwa wiki kadhaa. Aliniambia: "Mwanangu, hizi dawa zinaniua kutoka chini kwenda juu. Bora nife na kikohozi changu." Alikuwa na pakiti mkononi na hakutaka kuimeza. Nilikaa naye kwenye jamvi, nikamweleza habari ya Cincinnati kwa maneno ya kawaida: dawa inaua mdudu, ila inakuibia kitu kimoja, na kitu hicho kinarudishwa. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe mwizi anajulikana." Alikubali kuendelea. B6 ilipofika alipewa kipimo cha matibabu, na miguu ikatulia polepole.

Fikiria angeacha. Mdudu angebaki, pengine angekuwa sugu, na wajukuu wanne wanalala chumba kimoja naye. Ndiyo kazi ya vitamini katika tiba hii: inamshika mgonjwa asiiache dawa.

Naongeza onyo. B6 ikizidi sana kwa muda mrefu nayo inaharibu mishipa ya fahamu. Wale wanaouza vidonge sokoni kwa kuhesabu rangi, tusiwape pesa zetu. Uliza kliniki.

Majaribio ya huku kwetu

Miaka ya 1970 Afrika Mashariki ilikuwa shule ya dunia katika jambo hili. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kwamba tiba inaweza kufupishwa mpaka miezi 6, kwa kuongeza rifampisini, ile yenye kuutia mkojo rangi. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo akasaidia kuujenga kwa namna ambayo nchi nyingi ziliiga.

Kisha Ukimwi ukaingia, na wagonjwa wakawa wanakufa hata wakiwa kwenye dawa. Hapo ndipo swali la vitamini lilirudi kwa nguvu, na safari hii liliulizwa huku.

Mwanza walijaribu vidonge vya vitamini na madini pamoja na zinki, kwa wagonjwa karibu 500. Waliopata vyote viwili waliongezeka uzito zaidi ya wenzao. Kwa wagonjwa wote kwa jumla vifo havikupungua kwa namna ya kuaminika, ingawa miongoni mwa wenye virusi vya Ukimwi waliopata vyote, waliokufa walikuwa wachache zaidi.

Dar es Salaam, wagonjwa 887 waligawiwa kwa kura. Wengine walipata vitamini A, za kundi B, C, E na seleniamu. Wengine walipata kidonge kinachofanana, lakini kisicho na kitu ndani. Wote walimeza dawa zao za kifua kikuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Vifo havikubadilika kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini waliopata vitamini, ugonjwa uliwarudia kwa uchache, karibu nusu ya wenzao, na ile shida ya ganzi na miguu kuwaka ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Zomba, Malawi, wagonjwa 1,402. Huko vitamini na madini havikupunguza vifo hata kidogo. Na London mwaka 2011 waliurudia ule mkasa wa mafuta ya samaki kwa njia ya kisasa: wakawapa wagonjwa vitamini D kwa vipimo vikubwa juu ya dawa. Makohozi hayakusafika haraka zaidi, ukitazama wagonjwa wote pamoja.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likakusanya haya yote na kutoa mwongozo. Unasema kwamba kila mgonjwa apimwe hali yake ya lishe na atibiwe utapiamlo kwa chakula kinachofaa. Vidonge vya vitamini mchanganyiko, kwa kipimo cha kawaida cha mahitaji ya siku, ni kwa pale ambapo chakula chenye virutubisho kilipaswa kutolewa lakini hakipo. Wajawazito na wanaonyonyesha walio kwenye dawa wapewe B6. Yaani kidonge cha vitamini mchanganyiko kinakaimu tu nafasi ya chakula.

Kapu la Jharkhand

Basi chakula chenyewe kinafanya nini? Jibu lililo wazi kuliko yote nimelipata Jharkhand, mashariki mwa India, jimbo lenye familia nyingi za kimaskini. Kuanzia mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Anurag Bhargava na Madhavi Bhargava walifuata nyumba za wagonjwa 2,800. Kila mgonjwa alipewa kapu la kilo 10 kwa mwezi: nafaka, dengu, maziwa ya unga, mafuta, pamoja na vidonge vya vitamini. Katika nusu ya maeneo, watu wengine wa nyumba nao walipewa chakula chao, kwa kila kichwa: mchele kilo 5 na dengu kilo moja na nusu kwa mwezi, na vitamini. Katika nusu nyingine familia haikupewa kitu cha ziada.

Walikuwa watu zaidi ya 10,000 walioishi na wagonjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Katika familia zilizolishwa, kifua kikuu kipya kilipungua kwa asilimia 39. Kile cha aina ya kuambukiza, kilichothibitishwa maabara, kilipungua kwa asilimia 48. Na wagonjwa walioongezeka uzito mapema, katika miezi 2 ya kwanza, waliokufa walikuwa wachache zaidi.

Ukiweka Madras na Jharkhand pamoja, hazigombani. Madras ilituambia dawa inamponya mgonjwa hata kama nyumba ni maskini. Jharkhand ikatuambia chakula kinaizuia nyumba isizae mgonjwa mwingine. Na katikati yake kuna B6, yenye kazi yake ndogo ya kila siku.

Sahani ya nyumbani

Mwaka 2023 mgao wetu ulishushwa mpaka nusu ya kipimo. Tangu hapo nimeona jambo lile lile katika nyumba nyingi. Mama yuko kwenye dawa, anapewa unga wa lishe wa kwake. Anapika uji asubuhi. Watoto watano wamekaa wanamtazama. Unadhani atafanya nini? Anagawa. Mwezi unaofuata anapimwa, hajaongezeka uzito, na katika taarifa inaandikwa kwamba unga "haukutumika inavyotakiwa".

Nawaomba wenzetu wa mashirika mlitazame neno hilo upya. Mama huyo amefanya kile kile ambacho watafiti wa Jharkhand walikifanya, ila alikifanya kwa kapu lililopimwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kama kapu ni la mmoja, basi ama mgonjwa atabaki mwembamba au watoto watabaki na njaa mbele ya kikohozi, na watoto hao ndio wagonjwa wa kesho. Msimlaumu yeye. Hesabuni sahani zilizo nyumbani pale mnapopanga msaada. Najua fedha zimepungua, tunaiona hata sisi kwenye kibaba. Lakini kama kuna chochote kidogo cha kuongeza, nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu iwe ya kwanza. Na B6 iagizwe pamoja na isoniazidi kila mara, isiachwe mpaka mwisho kama kitu cha nyongeza.

Na sisi wakazi, tuelewane. Vitamini haiui bakteria. Hakuna aliyeipata kazi hiyo kwayo, si Brompton, si Mwanza, si London. Ukipewa vitamini ukaacha vidonge vikubwa, umeshika kamba ukaachia ng'ombe. Ukinyimwa vitamini kwa sababu zimeisha, usiache dawa, endelea nazo, na useme mapema kama miguu inaanza kuwaka au ganzi inapanda. Usingoje mpaka ushindwe kutembea. Tukipata dagaa, maharage au ndizi, mgonjwa ale mapema na ale pamoja na watu wake, kwenye sinia moja. Miezi 6 ni mirefu, na anayekula peke yake gizani ndiye ninayemkuta mara nyingi ameziweka dawa chini ya mkeka.